Kabureta ya gari la zamani: anza na dalili, bisibisi baadaye

Peleka Peugeot 504, Datsun 1200 au Volkswagen Beetle kwenye gereji yoyote ya Dar es Salaam, kati ya Buguruni na Tegeta, sema linazimazima barabarani, na mara nyingi utajibiwa kabla boneti haijainuliwa: "Kabureta hiyo, bosi. Tuioshe." Inaoshwa. Gari linatulia siku mbili tatu, kisha ugonjwa unarudi uleule, safari hii ukiwa na skrubu iliyoliwa kichwa na gasketi iliyopakwa silikoni.

Mafundi hawana kosa kubwa hapo. Wengi wamekulia kwenye magari ya kuchomeka mashine ya kusomea matatizo, na kabureta wanayoijua vizuri ni ya bodaboda. Lakini kabureta ya gari la zamani, kifaa kinachochanganya petroli na upepo, haipendi kufunguliwa ovyo. Imetengenezwa kwa madini laini, jeti zake (vipande vidogo vyenye tundu la kupimia mafuta) ni shaba ya njano inayokwaruzika kwa waya wowote, na kila inapofunguliwa inapoteza kitu.

Ndani yake mna njia kadhaa za mafuta, na kila njia ina wakati wake wa kazi. Kuna bakuli la mafuta lenye boya na nido (sindano inayofunga mlango wa mafuta bakuli likijaa), linalofanya kazi muda wote. Kuna njia ya silensa (injini kuunguruma bila kukanyaga mafuta), inayolisha injini gari likiwa limesimama. Kuna vitundu vya mpito karibu na kipepeo (kibati kinachofunguka ukikanyaga mafuta), vinavyoamka unapoanza kugusa mafuta. Kuna pampu ndogo ya kurusha mafuta ukikanyaga ghafla, kuna jeti kuu ya mwendo, na kuna choki ya kuwashia injini baridi. Ndiyo maana swali linalookoa muda na pesa ni la lini: asubuhi au likishapata joto, limesimama au linatembea, ukikanyaga taratibu au kwa ghafla? Jibu lako litaonyesha njia ipi ya kutazama, na mara nyingi litakuonyesha kwamba kabureta haihusiki kabisa.

Kwanza hakikisha ni kabureta kweli

Kabureta moja inalisha silinda zote. Ukichomoa nyaya za plagi moja moja, injini ikiunguruma, na ukakuta silinda moja tu ndiyo haifanyi kazi, acha kabureta ipumzike. Tazama plagi ya silinda hiyo, waya wake, valvu zake, au gasketi ya manifodi mahali inapokutana na silinda hiyo. (Shika waya kwa praizi yenye mpira mzuri, moto wa koili unauma.)

Plagi zenyewe zinasema mengi. Endesha mwendo wa kawaida kama kilomita kumi, zima injini hapohapo bila kuiacha kwenye silensa, subiri ipoe kidogo, fungua plagi zote uzipange kwa mpangilio wa silinda. Rangi ya kahawia hafifu, injini iko sawa. Nyeusi yenye masizi makavu, mafuta ni mengi kuliko upepo. Nyeupe kama chokaa, mafuta ni machache au moto wa plagi unawahi mno. Nyeusi inayong'aa na yenye utelezi ni oili ya injini, na hapo unazungumzia ringi au sili za valvu. Moja ikitofautiana na wenzake, rudi kwenye aya iliyotangulia.

Kisha moto, yaani mfumo wa cheche. Platini (vidude vya distributa vinavyokata umeme wa koili) zilizoungua, kondensa iliyochoka na taimingi (wakati wa cheche kuruka) iliyosogea huzaa dalili zinazofanana kabisa na za kabureta. Hizi zikaguliwe kabla hujagusa skrubu hata moja ya mafuta, kwa sababu ukiseti kabureta juu ya taimingi mbovu utakuwa umeficha ugonjwa mmoja kwa kutengeneza mwingine.

Halafu mafuta yanayofika. Chomoa mpira wa mafuta pale unapoingia kwenye kabureta, elekeza kwenye chupa ya maji inayoonyesha ndani, chomoa waya mkuu wa koili ili pasiwe na cheche, kisha mtu apige stata. Mafuta yaruke kwa nguvu, kwa mapigo yanayolingana. Yakitiririka kinyonge, shida iko nyuma: filta, pampu, mpira uliopasuka unaovuta upepo, au kifuniko cha tanki kisichopumua. Hilo la mwisho hupimwa kirahisi. Gari likianza kuishiwa nguvu, simama, fungua kifuniko; ukisikia tanki linavuta pumzi na nguvu za gari zikarudi, umepata.

Iache chupa itulie nusu saa. Maji hukaa chini ya petroli na mpaka wake unaonekana wazi. Kwa magari yanayolala nje jijini hapa, yakiwa na tanki nusu, msimu wa masika maji kwenye tanki ni jambo la kawaida sana, na kutu huja nayo. Ukiona vumbi jekundu chini ya chupa, kuosha kabureta bila kushughulikia tanki ni kumlipa fundi mara mbili.

Petroli yenyewe nayo itiliwe shaka. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba (alama ya kuyatambua) kwenye mafuta mwaka 2010, sababu moja ikiwa ni uchakachuaji kwa mafuta ya taa. Kipimo cha nyumbani ni kudondosha tone kwenye karatasi nyeupe: petroli safi hukauka bila kuacha doa, yenye mafuta ya taa huacha alama ya utelezi. Si kipimo cha maabara, lakini kinatosha kukufanya ubadilishe kituo.

Kuna jambo moja ambalo limekuwa la kawaida hapa mjini. Pampu ya asili ikifa, mtu anafungiwa pampu ya umeme iliyotoka kwenye gari la kisasa. Pampu za kabureta nyingi husukuma kwa kiasi cha bari 0.2 hadi 0.35. Pampu ya gari la sindano za umeme inafika bari 2.5 hadi 3, yaani karibu mara kumi. Hakuna nido inayoweza kuzuia nguvu hiyo. Mafuta yanafurika, fundi anabadilisha nido, yanafurika tena, kabureta inatangazwa kuwa imekufa. Ikiwa gari lako lilianza kumwaga mafuta baada ya kubadilishiwa pampu, jibu unalo.

Silensa haikai, linazima kwenye foleni

Hii ndiyo dalili inayoleta magari mengi gereji, na ndiyo yenye vyanzo vingi, kwa hiyo tuikalie kidogo.

Injini ikiwa ya moto, tafuta skrubu ya mchanganyiko, ile yenye ncha kali na springi ndogo, chini karibu na kipepeo. Ifunge taratibu huku ukisikiliza. Kabureta ikiwa salama, injini itaanza kuyumba na kutaka kuzima kabla skrubu haijafika mwisho. Usipoona mabadiliko yoyote mpaka inakaa, basi silensa ya gari lako haitoki kwenye njia ya silensa. Kuna uwezekano wa aina mbili. Huenda njia imeziba, na mtu akaifidia kwa kuinua skrubu ya kipepeo hadi injini inavuta mafuta kupitia vitundu vya mpito. Au kuna upepo unaoingia pembeni, na injini inajilisha huko.

Kwa njia iliyoziba, mtuhumiwa wa kwanza ni jeti ya silensa. Ni ndogo kuliko zote, tundu lake mara nyingi ni kama nusu milimita tu, na uchafu wowote unaopita filta unakwama hapo. Kwenye kabureta nyingi inafunguka kutoka nje, bila kuvua kabureta. Itoe, inyanyue kuelekea angani, chungulia. Unapaswa kuona duara dogo la mwanga lenye ukingo safi. Ukiona mwanga wa umbo la yai, au mikwaruzo inayong'aa kwenye mdomo wa tundu, kuna mtu alishapitisha waya humo. Jeti hiyo sasa ni kubwa kuliko namba iliyoandikwa juu yake na haitarudi.

Baadhi ya kabureta, kama zile za Solex za Volkswagen za miaka ya 1970, zina valvu ya umeme inayofungua njia ya silensa ukiwasha swichi. Washa swichi bila kuwasha injini, chomoa waya wake, uguse tena. Usikie "tak". Kimya maana yake umeme haufiki au valvu imekufa. Wapo waliokata ncha ya valvu hiyo ili gari liendelee. Linaendelea, ila ukizima swichi injini inaweza kuendelea kuzunguka yenyewe kwa joto.

Upepo wa pembeni unatafutwa kwa chupa ya kunyunyizia, ile ya kupigia pasi, yenye maji matupu. Injini ikiwa kwenye silensa, nyunyiza kidogo kwenye maungio: chini ya kabureta, kwenye gasketi ya manifodi, kwenye mipira ya vakyumu, kwenye ncha mbili za shafti ya kipepeo. Mlio ukibadilika, hapo ndipo. Wengine hutumia petroli au spreyi ya kusafishia kwa sababu mabadiliko yanasikika zaidi. Kwenye injini nyingi za zamani ekzosi ipo chini tu ya kabureta, ikiwa ya moto. Baki na maji. Mpira wa boosta ya breki usiusahau: ubane kwa praizi iliyofungwa kitambaa, silensa ikitulia diaframu ya boosta imepasuka, na hilo ni suala la breki kabla halijawa suala la kabureta.

Shafti ya kipepeo ikiwa imelika, utaihisi kwa vidole. Ishike ncha, itikise juu na chini. Kucheza kidogo sana kunavumilika. Ikipiga "kwa kwa", upepo unaingia kila wakati na kwa kiwango kinachobadilika, na hakuna skrubu itakayotuliza silensa hiyo. Dawa yake ni bushi mpya.

Mwisho wa sehemu hii: nati za kufungia kabureta. Zikikazwa kwa nguvu za hasira, kitako cha kabureta kinapinda, upepo unaingia, mtu anakaza zaidi. Halafu inakuja silikoni. Petroli inailegeza silikoni ya kawaida, vipande vinameguka, na utavikuta ndani ya jeti. Gasketi ya kabureta hufungwa kavu.

Linakohoa ukikanyaga ghafla

Unatoka kwenye taa za Mwenge, unakanyaga, gari linajikata kwanza ndipo linaondoka. Taratibu linakwenda vizuri, ghafla linagoma. Hiyo ni pampu ya kurusha mafuta mpaka ithibitike vinginevyo.

Kuikagua hakuhitaji kifaa. Injini ikiwa imezimwa, vua kifuniko cha filta ya hewa, fungua choki kwa kidole, chungulia kwenye koo la kabureta kwa tochi. Vuta mkono wa mafuta mara moja kwa haraka. Uone mchirizi mwembamba, wa moja kwa moja, unaoanza papo hapo mkono unapoanza kusogea na kuendelea kidogo baada yake. Ukichelewa, ukitoka kama matone, au ukigonga ukuta wa koo badala ya kuelekea chini, kuna kasoro. Diaframu iliyopasuka, kikombe cha ngozi kilichokauka, kigololi cha chini kilichokwama kwa utando, au pua ya kurushia iliyoziba. Kwa gari lililokaa bila kuwashwa miezi, ngozi ikikauka wakati mwingine hurudi ukiiloweka kwenye oili nyepesi usiku mmoja. Diaframu iliyopasuka hairudi.

Mchirizi ukiwa mzuri na bado gari linakohoa, rudi kwenye distributa: kile kidude cha vakyumu kinachosogeza taimingi. Kivute pumzi kwa mpira mdomoni, kisiposhika, kimetoboka.

Wenye Morris Minor au Mini za kabureta ya SU, kwenu hakuna pampu hiyo. Kazi yake inafanywa na oili iliyo juu ya pistoni, ndani ya kile kibomba chenye kifuniko cha kufungua kwa mkono. Ikikauka, pistoni inaruka haraka mno na gari linajikata vilevile. Oili nyepesi ya namba 20 inatosha. Watu hubadilisha nido na jeti kwa kitu ambacho kingetatuliwa na matone machache.

Linaishiwa nguvu kwenye mwendo au mwinuko

Silensa nzuri, kuondoka kuzuri, lakini ukianza kupanda vilima vya Pugu au ukifungua mwendo kuelekea Kibaha gari linasinyaa. Jaribio la haraka kwa gari lenye choki ya kuvuta: likiwa kwenye hali hiyo, vuta choki kidogo. Likipata nguvu, lilikuwa na njaa ya mafuta. Likizidi kufa, mafuta ni mengi au tatizo ni moto.

Njaa ya namna hii mara nyingi iko nyuma ya kabureta, kwenye filta na pampu kama nilivyosema. Ndani ya kabureta tazama jeti kuu, kichujio kidogo cha wavu kwenye mlango wa mafuta (kipo kwenye kabureta nyingi na watu hawajui kwamba kipo), na kimo cha mafuta kwenye bakuli. Datsun zenye kabureta ya Hitachi zimerahisishiwa maisha: bakuli lina kioo cha kuchungulia chenye alama, na injini ikiwa kwenye silensa mafuta yanatakiwa kufika hapo.

Kama gari umelinunua bara, uliza liliwahi kutunzwa wapi. Arusha ipo kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kwa takribani asilimia 13 kuliko ya Dar es Salaam. Fundi mzuri wa huko huenda aliweka jeti ndogo ili lisile mafuta. Ukilishusha hapa pwani, jeti hizohizo zitaliacha na njaa, plagi zitakuwa nyeupe, na kabureta itakuwa safi kabisa. Soma namba za jeti uzilinganishe na za kitabu cha gari.

Linakunywa mafuta, moshi mweusi, harufu

Anza na kisichohitaji kufungua kitu: filta ya hewa. Vumbi la barabara za mitaa yetu huiziba haraka, na filta iliyoziba ni sawa na choki iliyofungwa. Ndipo utazame choki yenyewe. Kwa joto la Dar es Salaam injini haihitaji choki zaidi ya dakika chache za asubuhi, na siku nyingine haiihitaji kabisa. Kwa hiyo choki inayokataa kufunga ni kero ndogo hapa, lakini inayokataa kufunguka inakumaliza mfukoni. Za umeme, kama ya Beetle, zinategemea waya mmoja. Waya ukikatika, choki inabaki imefunga nusu, na hivyo siku nzima.

Bado linakunywa? Nenda kwenye bakuli. Nido ni kitu kidogo chenye kazi kubwa. Ishike kwenye mwanga, pitisha ukucha kwenye koni ya ncha yake. Ukucha ukinasa kwenye mstari wa mzunguko, imelika, haizibi tena. Boya la shaba litikise sikioni: ukisikia mafuta yanacheza ndani, limetoboka na limezama. Lizamishe kwenye maji ya moto uone mapovu yanatoka wapi. Linazibika kwa risasi ya kuchomelea, ila kidogo sana ili lisiongezeke uzito, na baada ya kuhakikisha hamna hata tone la petroli ndani. Mvuke wa petroli ndani ya boya lililozibwa ukipata moto ni bomu dogo.

Mafuta yakiwa yanafurika kwa muda, chomoa kijiti cha kupimia oili ukinuse. Kikinuka petroli, mafuta yameteremka hadi chini na oili haifai, hata kama uliibadilisha wiki iliyopita.

Land Rover Series III za lita 2.25 zenye kabureta ya Zenith zina ugonjwa wao. Kifuniko cha juu hupinda, na ringi ya mpira iliyo kati ya kifuniko na mwili huchoka. Mafuta yanavuja ndani kwa ndani, silensa inakuwa nzito na ya kuyumba, na hakuna skrubu inayosaidia. Wenye gari hizo wakati mwingine hununua kabureta nzima mpya kwa sababu ya ringi na uso uliopinda.

Likipata joto haliwaki

Umekaa kwenye foleni ya Mandela saa nzima, umezima dakika kumi kununua maji, ukirudi stata inazunguka tu. Petroli iliyo kwenye bakuli imechemka kwa joto la injini na kumwagikia kwenye manifodi, au mvuke umejaa kwenye mpira na pampu inasukuma hewa.

Chungulia kooni. Ukiona matone yanadondoka na harufu ni kali, imefurika: kanyaga mafuta hadi chini, ushikilie bila kupampu, piga stata. Ukivuta mkono wa mafuta na hakuna mchirizi, bakuli ni kavu: mwagia pampu maji au ifunge kitambaa kibichi, subiri. Kabla ya yote thibitisha kuna cheche, maana koili na kondensa zinazokufa kwa joto hufanya mchezo huuhuu, na kitambaa kibichi juu ya pampu kitakudanganya kwa sababu muda unaosubiri ndio unaopoza koili.

Kinga ni kuhakikisha kile kipande kinene cheusi kati ya kabureta na manifodi kipo. Kipo ili kuzuia joto. Mara nyingi kimevunjika na kubadilishwa na gasketi ya karatasi iliyokatwa kwa mkasi. Mpira wa mafuta nao usipite karibu na ekzosi.

Sasa ifungue

Ukiwa na sababu, si kwa kubahatisha. Tafuta namba iliyogongwa kwenye mwili au kwenye kibati, kisha nunua vifaa vya ukarabati kwanza. Gari moja linaweza kuwa limepita kabureta tatu tofauti katika maisha yake, kwa hiyo namba ya kabureta ina uzito kuliko jina la gari. Spea zake Kariakoo, upande wa Gerezani, hupatikana kwa kuzunguka duka kwa duka. Beba gasketi ya zamani mkononi na ulinganishe tundu kwa tundu.

Kazi ifanyike nje au penye upepo, mbali na jiko la mkaa, sigara na jenereta, na mchanga au kizima moto kiwe karibu. Na ile tabia ya kunyonya petroli kwa mdomo iishe. Ikiingia kwenye mapafu ni hospitali.

Safisha nje kwanza. Piga picha kila mkono na kila springi kwa simu. Skrubu ya mchanganyiko, kabla ya kuitoa, ifunge taratibu hadi iguse, ukihesabu mizunguko, uiandike. Usiikaze, ncha yake ikipata pete, silensa imeharibika milele. Tumia bisibisi inayojaza mfereji wa jeti; ikiwa nyembamba itaila.

Toa kila mpira na diaframu kabla ya kuosha kwa thina au spreyi, kwa sababu vitavimba. Jeti zioshwe, zipulizwe kwa upepo wa kompresa, na uchafu sugu utolewe kwa uzi wa mshipi wa kuvulia, ule mwembamba wa nailoni. Pale Feri hawakosi. Waya, sindano na kijiti cha kibiriti viweke mbali. Puliza kila kitundu ukifuatilia upepo unatokea wapi. Kitundu usichojua kinatokea wapi hujakisafisha. Unga mweupe ndani ya bakuli ni madini yaliyoliwa na maji. Kidogo kinasuguliwa kwa brashi laini. Ukiwa umekula hadi kwenye kiti cha jeti, tafuta mwili mwingine.

Weka nyuso za kuungania juu ya kioo cha dirisha. Zikicheza, bandika msasa laini wa maji namba 400 juu ya kioo, sugua kwa mwendo wa umbo la namba nane hadi rangi ilingane kote. Bushi za shafti mpe fundi mwenye mashine ya kukereza vyuma, na mwambie shafti izunguke bila kukwama, kwani kipepeo kinachokwama kikiwa wazi barabarani ni hatari.

Kimo cha boya hakina namba ya jumla. Kila kabureta na yake, ifuate ya kitabu. Ukishafunga kifuniko, kigeuze juu chini na upulize kwa mdomo kwenye mlango wa mafuta kupitia kipande safi cha mpira. Nido ikizuia pumzi yako, ni dalili nzuri kwamba inaziba. Nati za kitako zikaze kwa zamu, kidogo kidogo, kwa spana fupi.

Kuseti ni injini ikiwa ya moto, filta ya hewa ikiwa imefungwa, taimingi ikiwa tayari. Rudisha skrubu ya mchanganyiko kwenye mizunguko uliyoandika, au kiwango cha kitabu. Kwa Solex 34 PICT-3 ya Beetle anza na mizunguko miwili na nusu. Fungua hadi silensa ipande mwisho, funga hadi ianze tu kushuka, ishie hapo, kisha rekebisha kasi. Kwenye hiyo 34 PICT-3 kasi hurekebishwa kwa skrubu kubwa ya pembeni, na ile ya mkono wa kipepeo haiguswi. Kwenye SU, inua pistoni milimita moja: injini ikipanda kidogo na kurudi, sawa, ikipanda na kubaki juu, mafuta mengi, ikizima, machache.

Endesha wiki moja. Gasketi mpya hukaa, kwa hiyo kaza nati tena injini ikiwa baridi, na fungua plagi usome rangi upya. Ukikuta kutu kwenye filta mpya katika muda huo, vua tanki.